Ununuzi wa Gari Zilizotumika kutoka Japani: Funzo la Barabara za Mpanda

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba. Yanachapishwa kwa ukamilifu ili wale ambao hawakuyasikia nao wafaidike.)



Mtumishi anapokaribia kustaafu, swali moja humjia usiku na mchana: kiinua mgongo atakachokipata akifanyie nini? Wapo wanaomalizia nyumba, wapo wanaofungua duka, na wapo wengi wanaoelekeza nia zao kwenye gari ya kuchukulia abiria. Gari ni mali inayoonekana, huingiza fedha kila siku, na mwenye gari huheshimika mtaani. Hata hivyo, gari ni mali inayoanza kuliwa siku ile ile inaponunuliwa. Akiba ya miaka thelathini ya utumishi inaweza kumalizika katika msimu mmoja wa mvua, na mwenyewe akabaki na bodi tupu uani.

Kwa mnasaba huo, mazungumzo haya yanahusu gari zilizokwishatumika zinazotoka Japani, hasa vani za abiria zenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambazo mafundi huziita "fowili". Mfano utakaotumika ni wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Huenda msikilizaji akauliza Mpanda ina uhusiano gani na visiwa hivi. Jawabu ni kwamba katika miji ya mbali ya Bara wapo ndugu zetu, watumishi wa taasisi za Muungano na wafanyabiashara, na mara nyingi fedha ya mzee aliyebaki kisiwani ndiyo inayotakiwa kununua gari itakayofanya kazi huko.

Na uchukuliwe mfano wa mzee mmoja aliyestaafu ualimu wa skuli kisiwani Pemba. Mpwa wake amehamia Mpanda, ameoa na amefungua duka huko. Siku moja mpwa anapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mjomba. Nimeona gari. Vani ya Kijapani, fowili, haina hata mkwaruzo. Abiria wa kwenda Karema wapo tele. Ukitoa fedha wewe, mimi nitaisimamia."

"Habari za gari nimezisikia, mwanangu. Sasa nieleze habari za njia."

Swali hilo la mzee ndilo msingi wa mazungumzo haya. Anayenunua gari hana budi kuijua kwanza barabara.

NJIA ZA MPANDA

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Kwa muda mrefu njia ya kutegemewa ya kuufikia mji huo ilikuwa reli. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210, lilikamilika mwaka 1950, na lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Barabara nzuri ilichelewa sana kufika. Msafiri wa kutoka Tabora alipita Sikonge, Ipole na bonde la Mto Koga, katikati ya misitu ya miombo, juu ya udongo ambao ukinyeshewa hugeuka ute. Mvua za huko hazigawanyiki vuli na masika kama za visiwani. Ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi.

Wakati huo mtu aliyesema kwamba Mpanda haifai ila kwa fowili alikuwa na haki. Lakini mwezi wa Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, yenye urefu wa karibu kilomita 343. Kuanzia hapo hesabu ya mnunuzi ikabadilika. Gari ya kawaida, inayoendeshwa kwa magurudumu mawili, hufika Tabora na kurudi bila ya shida, na gari ya magurudumu manne katika njia hiyo hubeba mzigo wa vyuma isivyovihitaji. Ina difu mbili badala ya moja, propela mbili badala ya moja, na mafuta inayokunywa ni mengi zaidi. Kila kifaa kilichozidi kitadai spea siku moja.

Njia za ndani ni jambo jingine. Zile zielekeazo Ikola na Karema katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na zile za kwenda Mishamo, zimekuwa kwa miaka mingi za udongo na changarawe, na kazi ya kuzitengeneza hufanywa kwa awamu. Upande wa kusini, njia ya Sumbawanga hupita Sitalike, kando ya Mto Katuma, kisha huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Humo mna mbung'o, nao huifuata gari inayokwenda. Vani ambayo vioo vyake vya umeme vimekwama wazi huwa adhabu kwa abiria katika njia hiyo, ingawa bandarini kasoro hiyo ilionekana ndogo.

Kwa hiyo mpwa anapotaja Karema hakukosea kutaja fowili. Linalobaki ni kujua fowili ya namna gani, yenye umri gani, na itatengenezwa na nani.

ASILI YA GARI HIZI

Biashara ya gari zilizotumika ilipata nguvu nchini baada ya mwaka 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Katika miaka ya 1990 gari nyingi za Kijapani zilipitia Dubai kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Baadaye wanunuzi wakaanza kuagiza moja kwa moja kutoka Japani. Wajapani huendesha kushoto, na usukani wa gari zao uko kulia, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Jambo hilo peke yake liliwapa nafasi kubwa katika soko letu.

Zipo sababu zinazowafanya Wajapani waziuze gari zao zikiwa bado zinakwenda. Huko gari mpya ya mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima inapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Kwa gari za dizeli kulikuwa na sababu ya ziada. Mwaka 1992 Japani ilitunga sheria ya kupunguza hewa chafu ya magari katika miji mikubwa, ikaiongezea nguvu mwaka 2001, na mwezi wa Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilianza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza masharti. Gari nyingi za dizeli zikakosa nafasi mijini humo, nazo zikatafutiwa masoko ya nje.

Inafaa ieleweke pia kwamba vani nyingi za magurudumu manne hazikununuliwa huko kwa ajili ya matope. Zilinunuliwa kwa ajili ya theluji. Katika mikoa ya kaskazini kama Hokkaido theluji hufunika barabara kwa miezi, na familia hutaka gari isiyoteleza. Ili kuiyeyusha theluji hiyo, chumvi humwagwa barabarani. Watu wa visiwani hawana haja ya kuelezwa chumvi huifanya nini chuma. Gari inaweza kung'ara juu kama sahani mpya na huku chini chesisi yake imeliwa. Atakayeipeleka katika mashimo ya njia ya Karema ataiona ikipasuka mahali ambapo hakutazama.

MAGURUDUMU MANNE HAYALINGANI

Wauzaji huandika neno moja kwa gari zote, lakini gari zenyewe hutofautiana sana.

Vani ya Mitsubishi Delica, ile ya mwaka 1986 iitwayo Star Wagon na ile ya mwaka 1994 iitwayo Space Gear, katika namna zake za magurudumu manne imesimama juu, na nyingi zina wenzo wa kuingizia nguvu ya mbele pamoja na gia nzito ya kupandia. Hiyo huweza kupita katika mifereji iliyochimbwa na malori. Udhaifu wake uko kwenye joto. Injini ndogo ya dizeli yenye tabo, iliyofungiwa chini ya viti, ikikosa maji au rejeta ikiziba vumbi na mbegu za majani, hupasua silinda hedi. Aidha, wapo mafundi wenye mazoea ya kuing'oa thermostati wakidhani kwamba wanaipoza injini. Kufanya hivyo si kuitibu, na mwenye gari asikubali.

Toyota Noah ilitolewa mwaka 1996 chini ya majina ya TownAce na LiteAce. Ipo ya magurudumu mawili na ipo ya magurudumu manne. Tangu mwaka 2001 umbo lake lilibadilishwa, na nguvu ya injini ikawa inaelekezwa magurudumu ya mbele. Ni gari nyepesi, nzuri kwa lami na changarawe iliyoshindiliwa. Hata ile ya magurudumu manne haikuinuliwa sana kutoka chini. Ikiingia katika mifereji mirefu hulala kwa tumbo, na magurudumu yote manne huzunguka hewani bila ya faida.

Toyota HiAce, ya mwaka 1989 na ile ya mwaka 2004, inajulikana kila mji. Nyingi zinazoletwa ni za magurudumu mawili, nazo zina sifa moja kubwa: fundi wa Mpanda, wa Chake Chake na wa Kigoma wote wanaijua. Za magurudumu manne zipo, lakini mnunuzi asidhani kwamba spea za sehemu zake za mbele zitapatikana kwa urahisi ule ule.

Mambo mawili zaidi yazingatiwe. La kwanza, gari yenye wenzo wa kuingizia magurudumu ya mbele isiendeshwe katika hali hiyo juu ya lami kavu, kwani magurudumu hushindana yanapokata kona na vyuma vya giaboksi huumia. La pili, gari ambayo magurudumu yake manne hufanya kazi wakati wote inataka tairi zilizolingana. Kufunga tairi mbili mpya na mbili zilizoisha huilazimisha mitambo ya kugawa nguvu ifanye kazi bila ya kupumzika, hata ikaharibika. Fundi anayeokoa fedha ya tairi huleta gharama ya giaboksi.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Gari nyingi huko Japani huuzwa kwa mnada, na kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama. Alama 4 na 4.5 ni za hali njema, 3 na 3.5 ni za wastani, na herufi R huonyesha gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Mnunuzi aiombe karatasi hiyo, na atafute mtu wa kumsomea maandishi yake, kwa kuwa mambo ya kutu huandikwa humo kwa Kijapani. Vilevile aombe picha za chini ya gari. Muuzaji anayetoa picha ishirini za viti na asitoe hata moja ya chesisi amekwisha kujibu swali.

Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zilinganishwe na karatasi za gari. Namba ya chesisi iliyoandikwa katika cheti cha kusafirishia gari na katika hati ya shehena iwe ile ile iliyopigwa kwenye chuma. Jina la mpokeaji katika akaunti ya benki liwe la kampuni iliyoandikwa katika ankara, na si la mtu mwingine anayedai kuwa wakala wake. Wapo waliotuma fedha wakangoja meli ambayo haikuwahi kupakia kitu.

Utaratibu wa ukaguzi wa ubora kwa Tanzania Bara umebadilika zaidi ya mara moja. Kwa miaka kadhaa gari zilikaguliwa huko huko Japani kabla ya kupakiwa, na mwaka 2021 Shirika la Viwango la TBS liliuhamishia ukaguzi huo nchini. Mnunuzi aulize utaratibu unaotumika mwezi ule anaoagiza. Kuuliza si ujinga.

BEI YA BANDARINI SI BEI YA GARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ya gari ianze kabla ya gari.

Na ichukuliwe vani ya familia yenye injini ya zaidi ya cc 2000 na umri wa zaidi ya miaka 10, ambayo thamani yake ya kodi, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi milioni 10. Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania Bara, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi milioni 2.5, na jumla hufika milioni 12.5. Juu ya jumla hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, yaani milioni 1.25, na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, yaani milioni 3.75. Jumla sasa ni milioni 17.5. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni milioni 3.15. Gari ya milioni 10 imekuwa ya shilingi milioni 20.65, kabla ya tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, usajili na bima.

Mambo matatu yafahamike hapa. Kwanza, viwango hivi huweza kubadilishwa na bajeti ya kila mwaka, na vingine hutofautiana kwa idadi ya viti. Pili, Mamlaka ya Mapato Tanzania ina utaratibu wake wa kukadiria thamani ya gari zilizotumika, hivyo thamani inayotozwa kodi si lazima iwe ile iliyoandikwa katika ankara. Tatu, aliyekusudia kuipitisha gari bandari ya Zanzibar na kuipeleka Bara aulize kwanza kwa maandishi juu ya kodi na usajili wa pande zote mbili. Asitegemee maneno ya barazani.

Baada ya hapo iko safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,100, na gari iliyotoka melini haijulikani afya yake. Ibadilishwe mafuta ya injini, ikaguliwe mikanda, mipira ya maji, breki na tairi kabla ya kuanza safari. Na kama gari itachukua abiria, leseni ya LATRA iulizwe kabla ya kununua, ili ijulikane kama gari ya viti vile inaruhusiwa katika njia ile. Gari isiyo na leseni hailipi hata dereva wake.

SPEA NA FUNDI

Mwisho wa yote ni fundi. Gari ikikatika propela ya mbele nje ya Mpanda, spea huenda ikaletwa kutoka Tabora, Mwanza au Dar es Salaam. Kila siku inayongojewa ni siku isiyo na nauli, na dereva na utingo bado wanataka kula. Kwa hiyo kabla ya kuchagua aina ya gari, mnunuzi azitembelee gereji za mji ambao gari itafanya kazi, na aulize ni gari zipi zinazotengenezwa hapo kila wiki. Jawabu la mafundi lina uzito kuliko sifa za muuzaji. Aidha, sehemu ya fedha, na isiwe ndogo, iwekwe kando kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyeweza kuiweka fedha hiyo hajawa na fedha ya kutosha kununua gari.

Yule mzee wa Pemba, baada ya kuyasikia haya yote, hakumkatalia mpwa wake, wala hakutuma fedha. Alimwambia:

"Mwanangu, kaa msimu mmoja wa mvua. Panda gari za wenzako kwenda Karema na kurudi. Andika ni siku ngapi njia ilipitika, ni gari gani iliyofika, na ni gari gani iliyovutwa kwa trekta. Andika na nauli. Ukimaliza niletee daftari."

"Mjomba, gari itakwisha nunuliwa na mwingine."

"Na ende nayo. Japani bado wanatengeneza gari. Kiinua mgongo changu hakitengenezwi mara ya pili."

Ndugu Wananchi, hilo ndilo ombi la mazungumzo haya. Hakuna anayewakataza watumishi na wananchi kununua gari, na usafiri wa abiria ni huduma inayohitajika visiwani na Bara. Kinachoombwa ni kwamba anayekusudia kununua aanze na njia, afuate fundi, kisha leseni, kisha hesabu ya kodi, na gari yenyewe iwe ya mwisho. Wengi wameanza na gari, na hayo mengine wakayajua wakati fedha imekwisha. Majuto ni mjukuu.